"Ukihamia huku utakuja na nani?" Swali la ndoa kwenye usaili wa rezidensi Marekani

Kwenye usaili wa rezidensi ya Marekani, swali la ndoa mara chache huulizwa waziwazi. Hupitia mlango wa pembeni: "Ukihamia huku utakuja na nani?" "Familia yako itaizoea baridi ya Minneapolis?" "Naona pete, mwenzio naye ni daktari?" Anayeuliza mara nyingi ni mtu mkarimu, daktari mwenye mvi anayetaka kukutoa wasiwasi katika dakika tano za mwisho. Na daktari aliyesomea Muhimbili, Nairobi, Makerere au Bukavu hujibu yote, mpaka jina la mtoto wa mwisho, kwa sababu amelelewa akijua kwamba mkubwa akikuuliza habari za nyumbani unamjibu. Dar es Salaam hata dalali atataka kujua kama umeoa kabla hajakuonyesha chumba.

Kule habari hiyohiyo ina uzito mwingine. Msimamo wangu ni huu: ndoa yako haina sababu ya kufichwa kama ugonjwa, wala haina sababu ya kumwagwa mezani kwa kuwa tu mtu ameuliza. Itoke lini, kwa nani na kwa kiasi gani ni uamuzi wa kufanyia nyumbani, kamera ikiwa bado haijawashwa. Kigezo kiwe kimoja: je, habari hii inamwonyesha mkurugenzi wa programu kwa nini utakuja kwake na kwa nini utakaa mpaka umalize? Kama ndiyo, itaje mwenyewe, mapema, kwa maneno yako. Kama siyo, haina kazi kwenye usaili.

Kwa asiyeufahamu mfumo, maelezo mafupi. Rezidensi ni mafunzo ya ubingwa yanayofuata shahada ya udaktari, miaka mitatu kwa tiba ya ndani au watoto, mitano kwa upasuaji wa jumla, saba kwa upasuaji wa ubongo. Maombi mengi hupelekwa kupitia ERAS, mfumo wa mtandaoni wa kuombea nafasi hizi; usaili hufanyika zaidi kati ya Oktoba na Januari, na tangu 2020 sehemu kubwa yake ni kwa video. Baadaye mwombaji hupanga programu kwa upendeleo wake, programu nazo huwapanga waombaji, na NRMP, taasisi iliyoanza kazi hii 1952, huzilinganisha orodha hizo kwa kompyuta. Ulinganishaji huo ndio unaoitwa Match. Majibu hutoka wiki ya tatu ya Machi: Jumatatu unaambiwa kama umepata nafasi, Ijumaa unaambiwa wapi. Kazi huanza mwishoni mwa Juni au Julai mosi.

Nani anaruhusiwa kuuliza nini

Wengi husema swali la ndoa ni kinyume cha sheria, wakaishia hapo. Sheria haiko hivyo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza mwajiri kubagua kwa rangi, dini, jinsia au asili ya taifa. Neno ndoa halimo. Mwaka 1978 Bunge la Marekani liliongeza kwamba kumbagua mjamzito ni kubagua kwa jinsia. Kabla ya hapo, mwaka 1971, Mahakama Kuu katika kesi ya Phillips dhidi ya kampuni ya Martin Marietta ilikuwa imeshasema mwajiri hawezi kuwakataa kina mama wenye watoto wadogo huku akiwaajiri kina baba wenye watoto wa umri uleule. Mwaka 2020 mahakama hiyohiyo iliwaingiza chini ya kinga hii mashoga, wasagaji na waliobadili jinsia.

Kwa hiyo katika sheria ya shirikisho, kosa ni kulitumia jibu kubagua. Swali lenyewe huwa ushahidi tu kwamba huenda ubaguzi ulifanyika. Majimbo nayo yana sheria zake. California, New York, Michigan na Minnesota zinataja hali ya ndoa kwa jina katika sheria zao za ajira. Texas na Ohio hazitaji. Mwombaji mwenye usaili Detroit, Michigan, Jumatatu na Houston, Texas, Alhamisi amesimama kwenye sheria mbili tofauti ndani ya wiki moja, na ndiyo maana kutegemea sheria peke yake hakutoshi.

Kinga iliyo karibu zaidi ni mkataba. Kila programu na kila mwombaji anayeingia kwenye Match hukubaliana na masharti ya NRMP. Masharti hayo yanawataka wakurugenzi watambue madhara ya maswali kuhusu umri, jinsia, dini, mwelekeo wa kimapenzi na hali ya familia, na wahakikishe mazungumzo yanabaki kwenye kama mwombaji anaifaa programu. Vilevile hawaruhusiwi kukuuliza umeomba wapi kwingine. Kwa wanandoa wanaoomba pamoja, kuulizwa mwenzio ameitwa hospitali gani ni njia ya kupata jibu hilohilo lililokatazwa, na watu wengi hulitoa bila kujua.

Na wanaouliza wanataka kujua nini? Karibu kila mara ni hofu mbili. Ya kwanza ni kuondoka: rezidenti akiacha mwaka wa pili, ratiba ya zamu inabomoka na walio nyuma yake ndio wanaobeba usiku. Ya pili ni upweke. Wiki ya kazi inaweza kufika saa 80 kwa wastani wa wiki nne, na mtu asiye na wa kumshika mkono katika mji mgeni huchoka vibaya. Hofu zote mbili ni za haki, na zote zinaweza kujibiwa bila kumtaja mume, mke wala mchumba.

Jibu lenyewe

Chukua swali la "Utakuja na nani?" Jibu linaloenda moja kwa moja kwenye hofu ni hili: "Nimekwisha kufikiria vizuri kuhusu kuhama. Nilifanya kazi miaka miwili hospitali ya wilaya, saa nane kwa barabara kutoka nyumbani, na nilimaliza mkataba wangu wote. Hapa nina watu ninaowafahamu, na nimejipanga kukaa miaka mitatu yote." Halina uongo, halina ukali, na mwulizaji amepata alichokuwa anakitafuta. Halafu rudisha mpira: "Marezidenti wenu kutoka nje ya nchi, mwaka wa kwanza huwasaidiaje kuzoea?" Mazungumzo yamehama. Badilisha mambo ya ndani yawe yako, kisha ulitamke kwa Kiingereza kwa sauti mpaka lisikike kama maongezi. Sekunde 20 zinatosha. Likizidi dakika moja linakuwa utetezi, na utetezi humfanya mtu ajiulize kuna nini.

Ukiamua kusema, sema kwa ufupi na usimamie kwenye programu: "Nimeoa, na mke wangu ni muuguzi hapahapa Columbus. Ndiyo maana hospitali hii iko juu sana kwangu." Inatosha. Hapa ndipo ndoa inapokusaidia kweli. Programu za miji isiyo na jina kubwa hupokea maombi mengi kutoka kwa watu wasio na lolote la kuwavuta pale, na hushindwa kujua nani amedhamiria. Mwombaji mwenye mwenzi, dada au mjomba katika mji huo ana sababu inayoeleweka. Kuna hata mahali rasmi pa kuisema: ERAS ina sehemu ya upendeleo wa eneo, ambamo unachagua kanda na kueleza kwa maneno machache kwa nini. Ukiiandika hapo, kwenye usaili unairudia tu kwa sentensi moja. Kosa la wengi ni kuandika sababu ileile ya kifamilia kwa kanda tatu zilizo mbalimbali. Msomaji wa maombi akikuta mke yuko Ohio, kaka yuko Texas na shangazi yuko Massachusetts, anaona mtu asiye na kwao.

Njia ya tatu ni kukataa kwa upole: "Mambo ya nyumbani napenda yabaki nyumbani, lakini kama kuna wasiwasi kuhusu ratiba au kuhama, niulize tu." Ni haki yako kabisa. Ila sauti na tabasamu ndivyo vinavyobeba sentensi hii. Kwenye skrini, ikisemwa kwa uso mkavu, inasikika kama kufunga mlango. Ihifadhi kwa anayekuuliza mara ya pili baada ya jibu la kwanza.

Kusema uongo, hapana. Mwombaji aliyeolewa asiseme yuko peke yake. Miezi minne baadaye ofisi ya mafunzo ya hospitali ileile itashughulikia bima ya afya ya mume na viza yake, na mratibu aliyekuwa kwenye usaili ndiye atakayeshika mafaili. Unaingia kazini ukiwa tayari una doa la kutoaminika. Pete nayo usiivue. Kamera haionyeshi sana vidole, na anayeiona atajua tu kile ambacho wewe mwenyewe hukukificha.

Mahali panapowaponyoka wengi ni kwenye mazungumzo ya jioni na marezidenti, yale yanayoitwa ya kawaida tu, yasiyo na wakuu. Hapo vijana wenzako hutaniana, mmoja anasema mke wake anajifungua mwezi ujao, mwingine anauliza wewe je. Katika programu nyingi marezidenti hao huulizwa maoni yao kuhusu waombaji. Utakayoyasema jioni, chukulia umeyasema asubuhi mbele ya mkurugenzi. Hiyo isikufanye ukae kama mtu aliye mahakamani. Amua tu kwamba kiwango cha habari ulichokichagua ni kimoja kwa siku nzima.

Wanawake na swali la watoto

Hapa lazima niseme wazi. Mwanaume akisema ana mke na watoto wawili, wengi humwona ametulia. Mwanamke akisema maneno hayohayo, swali linalofuata ni nani atawalea. Tafiti zilizochapishwa Marekani kuhusu usaili katika upasuaji wa mifupa na wa njia ya mkojo zimeonyesha kwamba wanawake huulizwa kuhusu mipango ya kuzaa zaidi ya wanaume. Haya yanafanywa na watu wasiojiona wabaguzi hata kidogo, na hilo ndilo linaloyafanya yaendelee.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwanamke hauko sawasawa na kwa mwanaume, na ninasikitika kwamba hauko sawa. Mipango ya kuzaa usiizungumze kabisa kabla ya Match, hata ukiulizwa na mwanamke mwenzako, hata ukiulizwa kwa wema. Jibu moja linatosha: "Nimejipanga kumaliza mafunzo kwa wakati." Ujauzito ambao hauonekani si deni unalodaiwa kulitaja. Kwa usaili wa video, kamera inaishia kifuani. Ukialikwa ana kwa ana nawe uko miezi saba, ni afadhali uutaje wewe kwa sentensi moja mwanzoni, kwa sauti ya kawaida, kuliko kila mtu akae akijizuia kutazama: "Natarajia kujifungua Februari, na Julai nitakuwa tayari kuanza kazi."

Habari njema ni kwamba karibu kila unachotaka kujua kuhusu likizo ya uzazi unaweza kukipata bila kumwuliza mtu yeyote. Tangu Julai 2022, ACGME, taasisi inayoidhinisha mafunzo haya, inazitaka hospitali zote zitoe angalau wiki sita za likizo ya ugonjwa, uzazi au kumtunza mwanafamilia, walau mara moja katika muda wote wa mafunzo, kuanzia siku ya kwanza ya kuripoti kazini, kwa mshahara kamili. Ni lazima pia ibaki angalau wiki moja ya mapumziko yenye malipo nje ya hizo sita. Haki hii ni ya baba na mama. Bodi zinazotoa vyeti vya ubingwa, zilizo chini ya muungano wao ABMS, nazo, tangu Julai 2021, zinatakiwa kuruhusu wiki sita hizo bila kurefusha mafunzo, kwa programu za miaka miwili au zaidi. Mahali pa faragha pa kukamulia maziwa, penye jokofu na karibu na wodi, ni sharti la ACGME pia.

Ile sheria ya shirikisho ya likizo ya wiki 12 bila malipo, ambayo watu huitaja sana, humhusu aliyekwisha fanya kazi miezi 12 na saa 1,250 kwa mwajiri huyo. Mwaka wa kwanza haikusaidii. Ndiyo maana maelezo ya hospitali yenyewe ni muhimu, nayo yako wazi: programu inawajibika kukupa mkataba utakaousaini, pamoja na sera za viza, kabla ya tarehe ya mwisho ya kuthibitisha orodha. Mwandikie mratibu mistari miwili, "Naomba nakala ya mkataba wa marezidenti na kitabu cha marupurupu," na atakutumia kama anavyowatumia wote. Tafuta humo bima ya wategemezi na sehemu ya mchango wako, siku za likizo, na kituo cha kulelea watoto kama kipo. Hivi vya mwisho huwa na foleni ya miezi, kwa hiyo jiandikishe wiki ileile ya matokeo.

Wawili wanaoomba pamoja

Kama mwenzi wako naye anaomba rezidensi mwaka huohuo, kanuni yangu ya kunyamaza inabadilika. Tangu 1984 NRMP inaruhusu watu wawili kuziunganisha orodha zao. Si lazima wawe wameoana. Hakuna anayeomba cheti. Mmoja anatuma ombi kwenye mfumo, mwingine analikubali, na kila mmoja analipa ada ya ziada. Kuanzia hapo kompyuta inazisoma orodha mbili mstari kwa mstari: mstari wa kwanza wa mume na wa kwanza wa mke ni jozi moja, na jozi hiyo inafaulu tu kama wote wawili wamepata nafasi zao. Ikishindikana inashuka mstari wa pili, na kuendelea. Programu kwa upande wake humpanga kila mmoja peke yake, wala NRMP haiiambii kwamba wewe ni nusu ya jozi.

Kinachoiambia ni ERAS, ambako kuna mahali pa kutaja kwamba mnaomba pamoja, jina la mwenzio na fani yake. Jazeni. Faida yake inaonekana Oktoba, pale mke anapoitwa na idara ya watoto ya hospitali fulani huku mume akiwa hajasikia lolote kutoka tiba ya ndani ya hospitali hiyohiyo. Ndani ya siku moja au mbili mume anamwandikia mratibu wa tiba ya ndani barua pepe fupi: namba yake ya AAMC (namba ya utambulisho wa mwombaji kwenye ERAS), kwamba ameomba programu yao, kwamba anaomba pamoja na mwenzi wake aliyealikwa na idara ya watoto tarehe fulani, na sababu moja ya kweli ya kuipenda programu. Sentensi nne, tano. Katika hospitali kubwa wakurugenzi wa idara huzungumza wao kwa wao, na barua ya namna hii inaweza kufungua mlango uliokuwa haujafungwa bado. Ikitumwa Januari inakuta nafasi zimekwisha.

Kupanga orodha ndipo kazi ilipo. Tuseme mume ana programu 10 na mke 8. Jozi zote zinazowezekana ni 80. Ongeza mistari 10 ya mume akiwa na nafasi na mke bila nafasi, na 8 ya kinyume chake: jumla 98. Kikomo ni mistari 300, kwa hiyo hamna sababu ya kuacha hata mmoja mnaoukubali. Anzeni na jozi za mji mmoja. Zifuate za miji inayofikika kwa kuendesha, kama Boston na Providence, kilomita 80 hivi, au Baltimore na Washington. Kisha za miji iliyo mbali kabisa, na mwisho ile mistari ya mmoja peke yake. Hii ya mwisho ndiyo wapenzi wanaopendana sana huikataa. Inauma kuiandika. Lakini bila hiyo, jozi zote zikishindikana wote wawili hubaki nje, hata kama mmoja alikuwa na programu iliyokuwa inamtaka. Na ile wiki ya kutafuta nafasi zilizobaki, SOAP, haina jozi: kila mtu anahangaika kivyake.

Kosa linaloharibu orodha nzuri ni dogo sana. Mume anaingiza programu mpya kwenye mstari wa tano, orodha yake yote inashuka hatua moja, ya mke inabaki ilipokuwa. Sasa Boston yake imekaa mkabala na Houston ya mke, na mfumo hauoni tatizo ilimradi idadi ya mistari inalingana tena. Tengenezeni jedwali moja la safu mbili, mlibadilishe hilo kwanza, kisha muingize mabadiliko mkiwa mmekaa pamoja, msome mstari kwa mstari kwa sauti, mmoja akitaja namba ya programu na mwingine akitazama. Halafu kila mmoja athibitishe orodha yake. Orodha itakayobadilishwa baada ya hapo inataka uthibitisho mpya.

Uhusiano ukivunjika katikati ya msimu, jozi inaweza kufunguliwa kabla ya tarehe ya mwisho ya orodha, na kila mmoja apange upya na kuthibitisha yake. Programu hamna haja ya kuzipa maelezo ya kilichotokea.

Kwa wote, walio wawili na walio mmoja, jambo moja kuhusu kompyuta hiyo. Mpango wake ulitengenezwa upya na Alvin Roth na Elliott Peranson na kuanza kutumika 1998. Unaanzia kwenye orodha ya mwombaji. Programu haiioni orodha yako, wala uliyoyasema kwenye usaili hayalazimishi kuipanga kwa namna fulani. Panga kwa matakwa yenu ya kweli, mkihesabu na familia. Hapo ndipo ndoa ina haki ya kusema kwa sauti yote.

Swali likivuka mpaka

Kuna maswali ambayo hayana wema ndani yake. "Mumeo amekubali uje?" "Una hakika hutazaa tena?" Jibu kwa utulivu, maliza usaili, kisha ndani ya saa moja andika: tarehe, saa, jina la aliyeuliza, maneno yake kama ulivyoyasikia, na jibu lako. Kumbukumbu ya wiki mbili baadaye haina nguvu. Aliyesoma Marekani apeleke kwa ofisi ya wanafunzi ya chuo chake. Aliyesoma Dodoma au Eldoret kwa kawaida hana ofisi ya kumsemea kule, kwa hiyo njia yake ni NRMP moja kwa moja, ambayo hupokea malalamiko ya ukiukaji wa masharti, na unaweza kusubiri mpaka Match iishe ndipo upeleke. Kama unaamini ulinyimwa nafasi kwa ubaguzi, tume ya shirikisho ya usawa kazini, EEOC, inataka malalamiko ndani ya siku 180, au 300 pale jimbo linapokuwa na chombo chake cha namna hiyo.

Viza ya mwenzi

Kwa daktari anayetoka Afrika Mashariki au Kongo, swali moja la karibu na ndoa ni halali kabisa: je, utahitaji udhamini wa viza? Jibu kwa aina ya viza, usijibu kwa familia. "Nitahitaji J-1" imetosha. J-1 ni viza ya wageni wa mafunzo na kubadilishana; mke na watoto hufuata kwa J-2, na wanaombewa baada ya Match. Tofauti za viza ndizo za kuzijua mapema. Mwenzi wa J-1 anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi akishafika. Mwenzi wa H-1B, ile viza ya kazi, yeye akiwa na H-4, kwa kawaida hawezi, isipokuwa pale mwenye H-1B amekwisha fika hatua fulani ya kuelekea ukaazi wa kudumu. H-1B pia inataka uwe umefaulu Step 3, sehemu ya mwisho ya USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani, na Septemba 2025 tangazo la rais liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya Marekani. J-1 nayo ina sharti la kurudi nyumbani miaka miwili, na sharti hilo linamfunga mwenzi wa J-2 vilevile. Na kabla ya kulipa ada yoyote, angalia nchi yako: Juni 2025 Marekani iliwawekea vikwazo vya viza raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwamo, na orodha imepanuliwa tangu hapo.

Mchumba hapati J-2. Kati ya Ijumaa ya matokeo na siku ya kuripoti kuna miezi mitatu hivi, na ndani yake kuna mkataba, barua ya wizara ya afya ya nchi yako, fomu ya DS-2019 ya kuombea J-1 kutoka ECFMG, chombo kinachohakiki madaktari waliosomea nje ya Marekani, na foleni ya ubalozi. Ndoa inayopangwa Mei inaingia katikati ya hayo yote. Wanaotaka kusafiri pamoja wafunge mapema, hata kama sherehe itakuja baadaye. Na ndoa iwe na cheti cha serikali. Ndoa ya kimila, au ya msikitini yenye karatasi ya shehe tu, isajiliwe kwanza: Tanzania kupitia RITA, Kenya kwa Msajili wa Ndoa. Mwisho, majina. Aliyebadili jina baada ya kuolewa ahakikishe pasipoti, shahada na kumbukumbu za ECFMG zinasoma jina moja, au awe na cheti cha ndoa kinachoeleza tofauti hiyo, kabla hajaomba tarehe ya mtihani wa USMLE, kwa sababu jina la kwenye kitambulisho lisipolingana na la kwenye kibali cha mtihani, hutaruhusiwa kukaa kwenye kiti.